Dereva wa kiberenge aliyeumbuliwa na treni yake ya mezani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bi Harusi bado hajawa tayari kutoka.

Dereva wake anamjua, kwa hiyo hana haraka. Amepima oili, amefuta kioo kwa tambara, amezungusha mkono wa kuwashia mara nne. Injini inakohoa, inapumua moshi mweupe, inanyamaza. Anakaa kwenye ngazi ya kibanda, anamimina chai kwenye kifuniko cha chupa na kuinywa hadi tone la mwisho. Mara ya tano injini inashika na mabati yote yanatetemeka.

"Huyu ukimharakisha atakununia mchana kutwa," anasema huku akifunga chupa yake. "Mimi na yeye tuna miaka ishirini na saba. Nimeshajifunza kunyamaza."

Bi Harusi ni kiberenge, yaani kichwa kidogo cha treni cha dizeli. Urefu wake haufiki mita tatu, na kibanda chake kinatosha mtu mmoja asiyependa kujinyoosha. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi hutumia nusu saa kujiandaa huku watu wamesimama wanamsubiri. Kazi yake ni kuvuta mabehewa kumi na mawili ya udongo kutoka machimboni hadi kwenye tanuri la kiwanda cha matofali ya kuchoma. Njia nzima ni mita mia tisa. Anaikata mara kumi na nne kwa siku.

Dereva mwenyewe ana miaka hamsini na minane, na kiwandani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Honi. Hupiga honi penye watu na pasipo na watu, na wenzake wanasema akiwa peke yake na kuku, hata kuku atapigiwa.

Safari ya kwanza ya siku hii ya Alhamisi inaanza polepole. Mabehewa yamejaa udongo mbichi, na kutoka machimboni njia inateremka. Kabla ya kufika kwenye kona ambapo mfereji wa maji ya kiwanda unapita chini ya reli, Honi anapiga honi mbili fupi. Ni ishara kwa mtu wa breki, anayekaa juu ya behewa la mwisho, kwamba aanze kukaza usukani wa breki.

Halafu anafanya jambo ambalo atalifanya katika kila safari ya siku hiyo. Anageuza shingo na kumtazama aliyekaa nyuma kule.

"Yule ni wa kuazima," anasema. "Katoka karakana. Mwenyewe yuko tanurini, anapanga matofali."

Kisha anarudisha macho kwenye reli.

Nyumbani kwa Honi kuna vyumba vitatu. Cha mbele ni cha cherehani, maana mkewe ni fundi wa nguo na riziki yake inaingilia mlangoni. Cha kati ni cha kulala. Cha nyuma kilikuwa cha watoto, na walipokua na kuondoka wakakiacha mikononi mwa baba yao. Hapo ndipo penye meza.

Meza yenyewe ina urefu wa mita nne na imepinda kwa pembe kufuata ukuta. Juu yake kuna reli, na reli zinatoka kwenye machimbo ya udongo wa kweli uliochekechwa, zinateremka, zinapinda juu ya mfereji uliopakwa rangi ya buluu, na kuishia mbele ya tanuri lenye bomba la moshi. Bomba hilo zamani lilikuwa tyubu ya dawa ya mswaki. Kiberenge kidogo kimetengenezwa kwa bati la kopo la maziwa na mota ya redio kaseti iliyokufa. Nyuma yake kuna mabehewa sita. Ukitazama kwa kuinamia, macho yakiwa usawa wa reli, unaweza kusahau uko chumbani mwa watu.

"Nilianza kumtengenezea mjukuu," anaeleza Honi, bila aibu yoyote. "Mjukuu alicheza siku mbili, akaenda kwenye mpira. Babu huu mwaka wa saba."

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha mbele, hakuiacha hiyo ipite.

"Nimeolewa na mtu mzima, nazeeka na mtoto," alisema, cherehani ikiendelea kukimbia. "Na wewe mwandishi, muulize pini zangu zinakwenda wapi."

Pini zake ziko mezani. Zimekatwa vichwa na ndizo zinazoshikilia reli kwenye mataruma yaliyolala chini yake, na mataruma yenyewe ni vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa katikati. Kwa hesabu ya Honi ni pini mia sita na kitu. Kwa hesabu ya mkewe ni elfu moja, na anadai fidia.

Reli ni spoku za baiskeli. Hapo Honi anavuta kiti, kwa sababu hapo ndipo ufundi wake ulipo na anapenda mtu aelewe. Reli moja ya kiwandani ina urefu wa mita tano. Spoku ukiikata vizuri inabaki sentimita ishirini na tano. Ukigawa, unaona kila kitu mezani kinapaswa kuwa kidogo mara ishirini kuliko kile cha kweli. Kwa hiyo spoku moja ni reli moja, bila ujanja; njia nzima isingeenea chumbani, ndiyo maana sehemu ndefu zilizonyooka ameziruka.

"Wengine wanatengeneza treni inayofanana na treni," anasema. "Mimi nataka hii hii yetu. Ukinionyesha reli ya nane kutoka tanurini kule kazini, nakuonyesha spoku ya nane hapa. Ufa wake nimeuchora kwa penseli."

Ili kupata kona ilivyo, alitumia Jumapili tatu akiwa amepiga magoti njiani, mlinzi wa geti akimshangaa. Alikuwa na kamba, rula na daftari. Njia yake ni ya mafundi wa reli wa tangu zamani. Unavuta kamba kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho wake, halafu katikati unapima pengo kati ya kamba na chuma. Pengo kubwa, reli imepinda sana. Pengo dogo, imepinda kidogo. Unaandika namba, unahamia reli inayofuata.

Aliandika zote. Akarudi nyumbani, akagawa kwa ishirini, akakunja spoku moja moja kwa koleo hadi kila moja ikalingana na namba yake. Kazi hiyo peke yake ilimla miezi miwili.

Siku alipounganisha umeme, kiberenge kikateremka vizuri, kikaingia konani, na behewa la tatu likaanguka mferejini.

Alicheka siku hiyo. Alilirudisha, akawasha tena, na behewa la tatu likaanguka tena. Wiki iliyofuata alibadilisha magurudumu. Likaanguka. Akaongeza uzito, akapiga msasa kingo, akalegeza vicheni vya kuunganishia, akapunguza mwendo hadi treni ikawa inatambaa. Likitambaa lilipita mara moja moja, likienda mwendo wa kawaida lilidondoka, na lilidondokea palepale.

"Nilijua ni mikono yangu," anasema. "Nikasema uzee umefika, vidole vimekuwa vinene. Nilikaribia kuikata meza nitengeneze kabati."

Kwa karibu nusu mwaka aliishi na aibu hiyo ya peke yake. Fundi wa reli, dereva wa miaka ishirini na saba, na treni ya makopo inamshinda.

Aliyemaliza ubishi ni mkewe, na hakuwa amekusudia. Ilikuwa Jumamosi moja mchana, miezi miwili iliyopita. Aliingia chumba cha nyuma kutafuta pini, akamkuta mumewe ameinama anawasha treni kwa mara ya nne. Akasimama kungoja amalize. Treni ikateremka, ikaingia konani, behewa la tatu likadondoka.

Mkewe akatazama pale lilipoangukia, akamtazama mumewe.

"Hapo si ndipo alipoangushia kaka yangu?"

Honi akasema ndiyo, ndipo.

"Sasa na hapa," mkewe akauliza, "aliyechelewa breki ni nani?"

Honi anasema aliketi chini. Hakuketi kwenye kiti, alijikuta yuko sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa meza. Mkewe alichukua pini zake, akarudi kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haikusikika ikishona.

Ili msomaji aelewe kilichomkalisha sakafuni, itabidi turudi nyuma miaka mitatu.

Wakati huo aliyekuwa akikaa juu ya behewa la mwisho ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Kiwandani anaitwa Taratibu, kwa sababu hafanyi jambo lolote kwa pupa. Hata salamu huitikia baada ya kuifikiria. Honi na Taratibu walifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kati yao walikuwa na mabehewa kumi na mawili na honi mbili za kuelewana. Siku za mapumziko walikula pamoja. Watu waliwatania kwamba wameoana wao, dada mtu kasindikiza tu.

Asubuhi moja ya mvua, treni ikiwa imejaa, mabehewa matano yaliruka reli pale konani na kupinduka mferejini. Hakuna aliyeumia. Lakini udongo uliziba mfereji, tanuri likakosa mzigo siku mbili, na kamati ya watu watatu ikaketi kutafuta sababu.

Dereva aliulizwa wa kwanza. Akasema alichokiamini. Alipiga honi mbili mapema kama kawaida, halafu akahisi mabehewa yanamsukuma kwa nyuma kabla hayajaruka. Wakamuuliza hiyo maana yake nini. Akajibu, kwa maneno ambayo leo anayakumbuka yote: "Breki ilichelewa."

Taratibu alisema hakuchelewa. Alisema mara moja tu, hakurudia, maana ndivyo alivyo. Na jina lake la utani likamponza.

"Mtu anaitwa Taratibu," anasema Honi, akitazama mikono yake. "Akisema aliwahi, nani atamwamini? Mmoja wa kamati alicheka. Na mimi nilicheka kidogo. Hicho kicheko ndicho kinanikosesha raha kuliko hata yale maneno."

Taratibu alitolewa kwenye reli, akapelekwa tanurini kupanga matofali. Ni kazi ya joto na mgongo, kwa mtu ambaye wakati ule alikuwa na miaka hamsini na miwili. Posho ya reli ikakatwa. Tangu siku ile hakutia mguu nyumbani kwa dada yake wakati shemeji yupo. Huja mchana, dada akiwa peke yake, hunywa maji na kuondoka. Wakikutana getini na Honi, husalimiana vizuri sana, salamu za watu wanaokwepana.

Kona iliendelea kuangusha, ila kidogo kidogo. Gurudumu moja likishuka, walilipandisha kwa mtaimbo wakaendelea na kazi. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa jibu lilikwisha patikana na lilikuwa tanurini.

Baada ya lile swali la mkewe, Honi alifungua daftari. Amelitoa tena kumwonyesha mwandishi. Kwenye ukurasa wa kona, namba za mapengo, kwa sentimita, zimepangwa kwa mwandiko wa mtu makini: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili. Inayofuata ni sifuri, na baada yake kumi na mbili tena.

Sifuri maana yake reli haijapinda hata chembe. Ni kipande kilichonyooka katikati ya kona.

"Niliiandika mwenyewe," anasema. "Nilipiga magoti, nikavuta kamba, nikaona hakuna pengo, nikaandika sifuri, nikahamia reli ya pili. Akili yote ilikuwa kwenye meza. Nilikuwa nataka ifanane. Ikafanana."

Magurudumu yanayozunguka kona huenda yakifuata mpindo. Yakikuta chuma kimenyooka ghafla, mwisho wa kile kipande yanagonga, na behewa jepesi la katikati ndilo linalopanda juu ya reli. Breki iwahi, ichelewe, haihusiki.

Ila lilikuwapo jambo zito zaidi, na alilijua kabla hajafunga daftari. Aliyekiweka kile kipande ni yeye. Miezi mitano kabla ya ajali, reli ya kona ilivunjika na stoo haikuwa na iliyokunjwa. Honi wakati huo alikuwa pia msimamizi wa reli. Akaamuru wafunge iliyonyooka kwa wiki moja, hadi ipatikane nyingine. Wiki ikapita. Kazi zikawa nyingi, treni ikawa inapita, na kipande kikashika kutu kikafanana na wenzake.

Kwa siku tatu hakusema na mtu. Mkewe naye hakumuuliza, na Honi anasema afadhali angemgombeza. Siku ya nne akajikaza, akaenda ofisini kwa meneja na daftari lake, akaeleza mwanzo hadi mwisho. Kisha akaandika barua, kwa sababu meneja alimwambia maneno ya mdomo hayafutwi na maneno ya mdomo.

Kiwanda kilibadilisha reli ndani ya wiki. Honi alipewa karipio la maandishi na kuvuliwa usimamizi wa reli, jambo ambalo anasema alistahili na hata alishangaa halikuzidi. Tangu hapo, yapata wiki sita sasa, hakuna gurudumu lililoshuka pale konani. Mtaimbo umeegemezwa ukutani unapata kutu.

Taratibu naye aliandikiwa barua. Imemsafisha, imemrudishia posho, na imemtaka arudi kwenye behewa lake la mwisho akipenda. Amepewa hadi Jumatatu kujibu. Asipojibu, yule wa kuazima atathibitishwa.

Hadi Ijumaa alikuwa hajajibu.

Mwandishi alimkuta mlangoni mwa tanuri, kitambaa kichwani, glavu zimeungua ncha. Ni mwembamba, mrefu, na kweli anafikiri kabla ya kuitikia salamu. Aliulizwa kuhusu barua. Akaweka chini matofali mawili aliyoshika, moja baada ya jingine, akayapanga yakae sawa.

"Barua nimeipata," alisema. "Nzuri tu. Imeandikwa na meneja." Akajifuta uso. "Mimi sikukosana na meneja."

Maneno hayo yalipofikishwa kwa Honi, hakushangaa. Alikiri kwamba amekwisha kwenda nyumbani kwa shemeji yake mara moja, jioni, siku ileile barua ilipotoka. Alikaribishwa vizuri. Wakazungumza habari za mvua, habari za bei ya dizeli, habari za goti la shemeji.

"Nilikunywa chai vikombe viwili, nikarudi na maneno yangu kama nilivyokwenda nayo," anasema. "Mtu mzima mimi. Nikajiambia nitamwonyesha. Kuonyesha naweza. Kusema ndiko kunakonishinda."

Ndiyo sababu kona ya kiwandani imetengenezwa, lakini ya mezani hajaigusa. Spoku ya tano ya kona, ile ya sifuri, bado imenyooka. Anataka shemeji yake aje aone behewa likianguka bila mtu wa breki, kwa macho yake. Alimwomba mkewe apeleke ujumbe huo.

"Nikamwambia mimi si posta," anasema mkewe. "Miaka mitatu nabeba salamu za hawa wawili, huyu anasema mwambie, yule anasema mwambie. Nimechoka." Akakata uzi kwa meno. "Lakini nimempelekea. Ni kaka yangu, na huyu ndiye niliye naye."

Jumapili saa nne asubuhi, mwandishi akiwa bado chumba cha nyuma anahesabu mataruma, mlango wa mbele ukabishwa. Cherehani ikanyamaza. Zikasikika salamu za dada na kaka, ndefu, za habari za kila mtoto na kila mgonjwa. Honi alikuwa ameshika kopo la gundi. Hakuliweka chini, wala hakwenda mbele.

Taratibu aliingia amevaa shati safi, akainamisha kichwa kupita mlangoni. Akampa shemeji yake mkono. Halafu akatazama meza, na akaitazama kwa muda wake, kuanzia machimboni hadi kwenye bomba la tanuri.

"Hili bomba limepinda upande wa kulia," alisema. "Kama lenyewe."

"Kama lenyewe," akaitikia Honi.

Mkewe alisimama mlangoni, futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Honi akawasha. Treni ikateremka, ikaingia konani, behewa la tatu likaanguka mferejini.

Taratibu akasogea karibu. Akaonyesha kwa kidole kwamba irudiwe. Ikarudiwa, na likaanguka. Akachuchumaa, goti lake likilia, macho yakawa usawa wa reli, akaomba tena. Mara ya tatu alilifuata lile behewa kwa macho hadi chini.

"Nyuma hapa nani ameshika breki?" aliuliza, bado amechuchumaa.

"Hakuna mtu," Honi akasema. Akaliweka chini kopo la gundi. "Hakuna mtu, shemeji. Hukuchelewa. Kile kipande nilikiweka mimi, na kusema umechelewa nikasema mimi. Na nikacheka. Nisamehe."

Nje mtu alikuwa akichota maji, ndoo ikigonga ukingo wa pipa.

"Unajua," Taratibu alisema hatimaye, "mwaka wa kwanza nilikuwa nabisha. Peke yangu, kule tanurini, nabisha. Nilisikia honi ya kwanza, nikakaza. Nina uhakika. Mwaka wa pili nikaanza kujiuliza." Akanyoosha mkono akaliokota behewa mferejini. "Huu wa tatu nilishakubali. Nilishajiambia, ndiyo, nilichelewa."

Dada yake alijifuta macho kwa ncha ya futi. Honi alilia waziwazi, na hakujificha.

Taratibu akamwachia alie. Alipoona imetosha, akasema, "Lete koleo."

Aling'oa pini za spoku ya tano moja moja, akazipanga juu ya kiganja cha dada yake asije akadai zaidi. Akaikunja spoku kidogo, akaipima kwa jicho, akaikunja tena. Honi alitaka kumsaidia, akanyimwa. Ilichukua karibu nusu saa, kazi ambayo mwingine angeimaliza kwa dakika tano. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Honi akawasha. Kiberenge kikateremka na mabehewa sita yakaingia konani, yakapita juu ya mfereji, yakasimama mbele ya tanuri. Wakaitazama treni ikipita mara nane au tisa, wazee wawili wamechuchumaa. Mke wa Honi akaenda kuchemsha chai.

Wakinywa, Honi alieleza mipango yake. Amebakiza miezi kumi na sita kustaafu, na ombi lake ni moja, aimalize kama alivyoianza, akigeuza shingo anamwona mtu wake. Baada ya hapo anataka kuongeza meza hadi ukuta wa pili, machimbo yote yaingie, na treni ifike mabehewa kumi na mawili. Reli atatengeneza yeye. Mabehewa anatafuta mwenzake wa kuyatengeneza. Hilo alilisema akitazama kikombe.

Taratibu alikuwa amelishika behewa la mwisho, analigeuza juu chini, anachungulia ekseli zake.

"Treni gani hii haina breki?" aliuliza.

Akachomoa kicheni, akalifuta behewa vumbi kwa kidole gumba, akalitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Akasimama, akamuaga dada yake.

"Nakwenda kulitia breki. Nitakuletea kesho," alimwambia Honi.

"Utaleta hapa, au kazini?"

Taratibu alifika mlangoni, akainamisha kichwa ili apite, akafikiri.

"Kwani kesho saa kumi na mbili asubuhi, Bi Harusi akijiandaa, mimi nitakuwa nimekaa wapi?"

Mezani yalibaki mabehewa matano.